Matawi Nyuma ya Lori

Kibandani kwa Nakiru, kando ya barabara kuu ya Lodwar, vikombe vilikuwa vya bati, vimebonyea na kupauka, na vilizunguka kutoka mdomo hadi mdomo bila mtu kuuliza ni cha nani. Kimoja tu kilikuwa cha plastiki, cha buluu. Hicho kilitundikwa peke yake kwenye msumari. Nyawech alikiosha kwa maji yake mbali na vingine, na hakukitilia chai kwa ajili ya mtu yeyote ila dereva mmoja wa lori aliyeitwa Wasike.

Wasike mwenyewe alijivunia jambo hilo.

"Mnaona?" aliwaambia madereva wenzake waliokaa kwenye benchi. "Nyinyi mnanyweshwa kwa makopo. Mkubwa ana kikombe chake. Huyu dada anajua kutofautisha watu."

"Anajua kweli," Nakiru alijibu huku akipepea jiko. "Hata mgonjwa wa kifua hutengewa kikombe."

Benchi zima likaangua kicheko. Nyawech naye alicheka, kwa meno tu.

Hakuna kati yao aliyejua maana ya kikombe kile. Katika kabila la Nyawech, Wanuer, watu ambao damu imemwagika kati yao hawali wala hawanywi kwenye chombo kimoja mpaka jambo litengenezwe mbele ya wakubwa. Anayekaidi anaita kifo cha pili nyumbani kwake. Mama yake alimkumbusha hayo siku aliyoondoka kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. "Mpikie ukilazimika," alimwambia. "Cheka naye ukilazimika. Usinywe naye."

Damu iliyokuwa katikati ilikuwa ya Gatdet.

Gatdet alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na kazi yake ilikuwa kubeba abiria kwa baiskeli kati ya kambi na mji wa Kakuma. Nyuma aliweka kiti cha sponji chenye mashada ya nyuzi nyekundu. Nyawech ndiye aliyeyashona, kutoka kwenye blanketi lililozeeka. Watoto wa mtaa wao waliitambua kengele yake kabla hajatokea kwenye kona, wakakimbia mbele wakiimba jina lake. Mwaka uliopita, jioni, akirudi kambini na gunia la unga la mteja, alishuka kwa kasi kuelekea kwenye laga, mto mkavu unaokatiza barabara, akaligonga kwa nyuma lori lililokuwa limesimama bila taa. Alifia palepale. Waliofika kwanza waliliona gunia limepasuka na unga umemfunika, wakadhani ni mzee mwenye mvi.

Lori lilikuwa la Wasike. Kwenye kituo cha polisi alieleza kwamba gari lilimharibikia, na kwamba kabla ya kwenda kutafuta fundi alikata matawi akayapanga barabarani nyuma ya lori, kama wafanyavyo madereva wote wa njia ile. Kila mtu kuanzia Kainuk mpaka mpakani anaijua alama hiyo: ukiona matawi mabichi juu ya lami, punguza mwendo, mbele kuna gari limekwama. Lakini Gatluak, binamu yao, aliyekuwa wa kwanza kufika, aliapa kwamba aliikagua lami yote na hakuona hata jani. Ikaandikwa kwamba baiskeli haikuwa na taa na iligonga gari lililosimama. Lori likatengenezwa, likaenda zake.

"Matawi gani?" Nyawech aliuliza siku ile pale kituoni. "Nionyesheni tawi moja tu."

Hakuna aliyemwonyesha. Tangu siku hiyo, neno matawi likitajwa mbele yake, hata kwa habari ya fagio, aliinuka akaondoka.

Kuhusu taa walisema kweli. Taa ya dainamo ya Gatdet ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Aliifungua mwenyewe kwa sababu ilifanya pedali kuwa nzito. Breki nayo ilikuwa imekatika waya, akawa anasimamisha baiskeli kwa soli ya ndala. Hayo Nyawech aliyajua, na hakumwambia mtu. Aliyakalia kama mtu anavyokalia jiwe la moto bila kuinuka.

Gatluak ndiye aliyesema liwalo na liwe. "Hatuwezi kumfuata Lodwar anakopita," alimwambia, "lakini wewe ukipata kibali cha kutoka kambini, nenda. Mzoee. Halafu mlete hapa kwa miguu yake. Mlete mpaka kwenye lango letu tu, mengine tuachie sisi vijana."

Nyawech akapata kibali, akaenda. Nakiru, Mturkana waliyejuana tangu zamani alipokuwa akiuza kuni kambini, akampa kazi ya kuchemsha chai. Kila lori lilipoegeshwa, Nyawech alitazama mlango wa dereva. Siku Wasike aliposhuka, mfupi, mwenye kitambi kidogo na kofia ya sufu hata kwenye joto la Turkana, alimjua papo hapo. Wasike hakumjua yeye. Siku ile kituoni hakuinua macho kuwatazama wafiwa.

Barabara ilipita mbele ya kibanda chao, na ugomvi wake uliishia kwenye vikombe vyao. Pikipiki zilipita kulia na kushoto, wanafunzi walivuka wakitazama simu, mbuzi walilala kwenye lami iliyopoa chini ya kivuli cha basi. Asubuhi moja Wasike alikuwa akirudisha lori nyuma, na mwendesha baiskeli mwenye madumu ya maji akakatiza papo hapo.

"Wewe! Barabara ni ya mama yako?" Wasike alifoka dirishani.

"Na wewe ni ya baba yako? Unarudi nyuma kama kaa!"

"Nitakukanyaga nilipe bei ya kuku!"

"Kanyaga uone kama utafika Kitale!"

Mama mmoja aliyekuwa anavuka na kikapu kichwani akasimama katikati yao, akawatukana wote wawili kwa Kiturkana mpaka baiskeli ikapita na lori likatulia. Wasike alishuka akicheka, akafuta jasho. "Hawa wa baiskeli," alimwambia Nyawech akipokea kikombe chake cha buluu, "hawana taa, hawana breki, hawana akili. Watatumaliza kwa kesi."

"Kesi ni mbaya," Nyawech alisema.

"Mbaya sana, dada. Hujui."

Alimtazama akinywa. Koo lake lilipanda likashuka. Nyawech akawaza jinsi koo lilivyo jambo dogo.

Mwishoni kibali chake kikakaribia kuisha, na Wasike akapata mzigo wa kupeleka Kakuma. Nyawech alikuwa amenunua magunia mawili ya samaki wakavu kutoka Kataboi, kando ya ziwa, na akamwomba amsaidie kuyafikisha mpaka nyumbani, ndani ya kambi. "Mpaka langoni tu," alisema. "Mama yangu atakushukuru."

"Kwa chai ya kikombe changu? Nitakufikisha mpaka jikoni."

Usiku ule alimpigia Gatluak simu. "Nakuja naye kesho," alisema. "Kaeni tayari."

Waliondoka baada ya chakula cha mchana. Turniboi wa Wasike, msaidizi wake wa lori, alibaki Lodwar, malaria imemwangusha, kwa hiyo ndani ya lori walikuwa wawili tu na harufu ya samaki. Wasike alizungumza njia nzima: watoto wake, bei ya matairi, mke wake anayemwambia aache kazi hii arudi kulima. Alimnyoshea chupa ya maji. Nyawech akatikisa kichwa.

"Huna kiu? Joto hili?"

"Sina."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Maji yake mwenyewe aliyamaliza kabla hawajafika nusu ya safari.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mbele yao pale lori lilipopiga kishindo nyuma, likayumba na kuinamia upande. Wasike alilipeleka pembeni kadiri alivyoweza, lakini ukingo wa lami ulikuwa mchanga mtupu wenye kushuka, na nusu ya lori ikabaki barabarani. Alichungulia chini, akarudi akitukana kwa Kibukusu.

"Bolti ya springi imekatika. Nitaifunga kwa mpira na mnyororo, itufikishe Kakuma."

Kabla ya kugusa chochote alichukua panga. Aliingia kwenye vichaka vya mathenge, akakata matawi mabichi yenye miiba, akayaburuta mpaka mbali nyuma ya lori, mbali kuliko madereva wengi wafanyavyo. Akayapanga kwa mstari, moja baada ya jingine, na juu ya kila tawi akaweka jiwe. Nyawech alimfuata akimwangalia. Alitaka kucheka. Leo unajua kupanga matawi, alisema moyoni.

"Dada, nisaidie," Wasike alisema akichomoa miiba kiganjani. "Simama hapa. Mtu akija kuyachukua, mwambie ni ya lori."

"Nani atachukua matawi ya miiba?"

Wasike alitazama chini. "Mwaka jana niliyaweka hivihivi, kule karibu na Kakuma. Nikaenda mara moja kwa fundi. Niliporudi hakuna hata moja, na kijana wa watu amelala chini ya gari langu. Mkimbizi, wa baiskeli." Akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. "Hakuna aliyeniamini. Hata mke wangu nadhani haniamini. Basi simama hapa, tafadhali."

Akarudi kwenye lori, akatandika gunia, akaingia chini. Ikabaki miguu yake tu nje, upande wa barabara, viatu vimeelekea juu.

Nyawech alisimama. Upepo uliipigapiga shuka yake miguuni. Mwongo, alisema moyoni, hata peke yetu jangwani bado unadanganya. Akaitazama ile miguu. Akalitazama jua lililokuwa limeinama kabisa upande wa Kakuma, likimulika moja kwa moja machoni pa yeyote atokaye Lodwar. Bila matawi, dereva angeliona lori akiwa tayari juu yake. Ilikuwa rahisi mno. Gatluak na vijana wake hawakuhitajika. Wasike angekufa barabarani, chini ya lori lake, kama Gatdet, na watu wangeuliza matawi yako wapi.

Aliinama, akagusa jiwe la kwanza. Mkono ukasita, si kwa huruma, bali kwa sababu alisikia mtu anakohoa.

Mwanamke wa Kiturkana alikuwa amepanda kutoka mchangani, shanga shingoni, kisu cha kukatia miti mkononi. Nyuma yake, mbali kidogo, palionekana boma la mbuzi lenye ua uliobomoka upande mmoja.

"Ejok," alisalimia.

"Ejok."

Mwanamke aliyatazama matawi yaliyolala kwenye lami, mabichi, yamekwisha kukatwa, miiba mizuri mirefu. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota kitu.

"Hii ni ya nani?" aliuliza kwa Kiswahili cha taratibu. "Mimi nataka ya boma. Fisi imekula mbuzi yangu jana. Iko na mwenyewe?"

Nyawech alifungua kinywa. Kilichotakiwa ni neno moja, na alikuwa nalo tayari.

"Chukua," alisema.

Mwanamke akashukuru. Alisukuma mawe kwa mguu, akayakusanya matawi yote kwa ustadi wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, akayafunga kwa kamba ya ngozi, akayaburuta kushuka mchangani. Lami ikabaki tupu. Hakuna hata jani.

Hakuna hata jani. Maneno ya Gatluak. Nyawech alisimama akiitazama lami ile. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja mwema, mwenye mbuzi wachache na ua uliobomoka, alipita pale Kakuma, akaona miiba iliyokatwa, akatafuta mwenyewe, hakumwona. Mwaka mzima Nyawech alilala na kuamka na uongo ambao haukuwa uongo.

Wala hasira yake haikupungua. Hilo ndilo lililomshangaza. Ilizunguka tu kama mbwa aliyefungiwa, ikitafuta pa kuuma.

Ndipo akaisikia kengele.

Baiskeli ilikuwa inashuka kutoka upande wa Lodwar, imebeba magunia mawili ya mkaa, mwendeshaji ameinamisha uso kwa sababu ya jua. Nyuma yake, mbali lakini likija kwa kasi, basi. Yule wa baiskeli alipinda mguu mmoja, akakanyaga gurudumu kwa ndala kupunguza mwendo, namna ileile ya Gatdet. Hapakuwa na taa. Alikuwa anaelekea moja kwa moja kwenye mgongo wa lori.

Nyawech hakuamua. Baadaye, kila alipokumbuka, alijua kwamba hakumfikiria Wasike hata kidogo. Alijikuta katikati ya lami, shuka yake amevua, anaipunga juu ya kichwa, anapiga kelele kwa Kinuer, jina la ndugu yake. Baiskeli ikamkwepa, ikaingia mchangani, ikaanguka, mkaa ukamwagika. Basi likapiga honi ndefu, likakanyaga breki mpaka matairi yakanuka, likampita upande wa pili karibu sana hata upepo wake ukamzungusha. Miguu ya Wasike ikatoweka chini ya lori kama ya kobe.

Mwenye baiskeli aliinuka mweusi kwa vumbi la mkaa. "Wewe mama! Una wazimu? Unataka kufa?"

Nyawech alimwendea, akampiga kofi.

"Taa iko wapi?" alimfokea. "Breki iko wapi? Unashuka kama jiwe, nani alikwambia barabara inakungoja? Nani alikwambia?"

"Mama, nimekukosea nini?"

Alimpiga tena, na kofi la tatu halikufika. Akaketi chini, kando ya mkaa, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Mwenye baiskeli, asiyejua la kufanya, akaanza kuokota mkaa wake taratibu bila kumpa mgongo.

Wasike alikuja akikimbia, grisi mpaka viwikoni. Alitazama nyuma ya lori. Alitazama lami.

"Matawi yako wapi?"

"Yamechukuliwa."

"Nilikwambia usimame! Nilikwambia umwambie mtu..."

"Nilimwambia achukue." Nyawech aliinua uso. "Aliniuliza kama yana mwenyewe. Nikamwambia chukua. Nilitaka ufe hapa. Yule kijana wa baiskeli wa mwaka jana, mkimbizi, aliitwa Gatdet. Mimi ni dada yake."

Wasike alivua kofia. Kichwani alikuwa na upara ambao Nyawech hakuwahi kuuona. Alichuchumaa palepale.

"Kile kikombe," alisema.

"Ndiyo."

"Nikadhani ni heshima."

"Sasa nijibu," Nyawech alisema. "Matawi uliyaweka, nimeona jinsi yanavyoondoka. Nimekuamini kwa hilo. Lakini lori lilisimama pale tangu asubuhi, watu wote walisema, na ndugu yangu alikufa jioni. Ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi."

"Mpaka jioni?"

Mwenye baiskeli aliacha kuokota.

"Fundi alisema ningoje," Wasike alisema kwa sauti ndogo. "Nikaingia hotelini. Nikala nyama. Nikapata marafiki, tukaongea. Sikurudi kuangalia. Ningeweza kurudi, dada, au kumwachia mtu lori. Sikurudi." Akajifuta uso kwa kofia, ukabaki na alama ya grisi. "Hilo kituoni sikusema."

"Na mimi sikusema habari ya taa," Nyawech alisema. "Iko chini ya kitanda."

Alisimama, akajifunga shuka. Alimwambia yote: Gatluak, vijana, lango la nyumbani. Wasike alisikiliza akitazama barabara ya kurudi Lodwar, iliyokuwa wazi kabisa.

"Watanipiga."

"Walikuwa wakupige. Nitampigia Gatluak simu, atandike mkeka na kuwaita wakubwa badala yake. Utakaa mbele ya mama yangu, useme ya nyama uliyokula, kwa mdomo wako. Mimi nitasema ya taa na haya ya leo. Ukitaka kugeuza lori, geuza, nishushie samaki wangu tu. Lakini ukigeuza, usiniambie tena kwamba hakuna aliyekuamini."

Wasike aliivaa kofia yake. Kisha akaingia tena chini ya lori, akamalizia kufunga springi. Mwenye baiskeli ndiye aliyesimama nyuma kupunga shati lake kwa kila gari lililopita, bila kuombwa na mtu. Walipomaliza walimpakia yeye na mkaa wake.

Lori lilianza kwenda pole pole kuelekea Kakuma, likichechemea. Nyawech alizungumza na Gatluak kwenye simu kwa Kinuer, kwa ukali, akarudia neno lile la mkeka mpaka binamu yake akalikubali. Alipokata simu, Wasike alimnyoshea chupa ya maji bila kumtazama.

Kiu ilikuwa imemkausha ulimi. Nyawech aliitazama chupa ile, maji yakicheza ndani yake kwa mwendo wa lori. Akaipokea, akaifunga kifuniko vizuri, akaiweka kati yao kwenye kiti.

"Bado," alisema.